Mkia wa Mshale

Mwezi uliopita nilinunua miwani ya kusomea. Nilikuwa nimekataa kwa muda mrefu, kama wanavyokataa wengi wa rika langu. Tunanyoosha mkono, tunasogeza simu mbali, tunalaumu taa. Kilichonifanya nisalimu amri ni chupa ya dawa ya kikohozi: palipoandikwa nusu kijiko mimi nilisoma kijiko kizima, nikamnywesha mtoto wa dada yangu, akalala mchana kutwa. Hakudhurika, alhamdulillahi. Lakini jioni ileile nilikwenda sokoni Mwanga, nikajaribu miwani saba mbele ya kioo cha muuzaji, nikarudi nyumbani na ya nane usoni.

Kwa kuwa sasa naona, niliamua kufungua kasha la bati la marehemu baba nitafute hati ya kiwanja, kazi niliyokuwa naiahirisha tangu tulipomzika. Kifuniko kilipofunguka ilinijia harufu ya petroli na mawese. Baba alikuwa ananawa mikono kwa mawese. Alisema sabuni haiwezi grisi, mafuta huondolewa na mafuta. Chini ya makaratasi, ndani ya kipande cha kanga kuukuu ya bibi, nikaikuta saa ya joto. Nikakaa sakafuni. Hati ya kiwanja sikuitafuta tena siku hiyo.

Saa ya joto si saa. Ni kile kidude cha mviringo chenye kioo na mshale kinachomwambia rubani injini imechemka kiasi gani. Ila baba aliviita vyote saa: saa ya mwendo, saa ya kimo, saa ya mafuta, saa ya joto. Na mimi kwa sababu ya neno hilo moja nilikaribia kumuua.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti hapa Ujiji. Kabla sijazaliwa alifanya kazi kwenye misheni moja iliyokuwa na ndege ndogo ya kupeleka dawa vijiji vya mbali. Alianza kwa kuosha ndege, akaja kushika spana, na mwisho rubani wa ndege hiyo, mzee mgeni aliyempenda, akawa anampa usukani wakiwa angani. Misheni ilipofungwa, mzee yule alimwachia baba vitu viwili: bunda la michoro ya ndege ya mtu mmoja, ya mbao na mabomba na kitambaa, na injini ya gari dogo la misheni, injini ya aina ile isiyotiwa maji, inayopozwa na upepo tu. Baba akaanza kujenga. Nilipopata akili nilikuta uti wa ndege uko uani, kuku wanalala juu yake.

Mama hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hili, ila alilokuwa nalo alilirudia. "Wenzangu waume zao wanajenga nyumba," alikuwa akisema huku anapepeta mchele. "Wangu anajenga jeneza lenye mabawa." Baba anacheka, anaendelea kupiga randa. Watoto wa mtaa wa Buzebazeba nao hawakuniacha. Kila nikipita: "Zena, baba yako ataruka lini?" Na wengine wanaitikia, "Akiota manyoya!" Nilipigana na wawili, nikamshinda mmoja.

Sasa, kuna bibi. Bibi mzaa baba alikaa nyumba ya pili, na ukutani kwake palikuwa na saa kubwa aliyoletewa na babu kutoka ng'ambo ya ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Mnajua ugumu wake kwetu: mshale mfupi uko kwenye nane, nawe unatakiwa useme saa mbili. Shuleni mwalimu alituambia tutoe sita, na ukishindwa kutoa, uongeze sita, na wenzangu walihangaika na vidole hadi kipindi kinaisha. Bibi hakuwa amekwenda shule. Alinisimamisha mbele ya saa yake akasema, "Tazama. Mshale una kichwa, na huku nyuma una kimkia. Kichwa kinasema saa ya wenyewe walioitengeneza. Mkia unasema saa yetu."

Ni kweli kabisa. Kichwa kikiwa kwenye nane, kimkia kiko kwenye mbili. Kichwa kikiwa kwenye kumi, kimkia kiko kwenye nne. Mshale mrefu bibi hakuujali. Dakika, alisema, ni za watu wenye haraka. Tangu siku hiyo darasani nikawa wa kwanza kujibu, wenzangu wakiwa bado wanahesabu vidole. Nilivimba kichwa. Niliamini kuna siri ya kusoma kila kitu chenye mshale, na siri hiyo wanaijua watu wawili tu Ujiji nzima.

Ndege ilipokaribia kwisha, yalibaki mambo mawili: kuchagua saa na kuchagua kabureta.

Saa zilikuja ndani ya gunia, kupitia wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Zilitolewa kwenye ndege mbovu, magari mabovu, na moja nadhani ilitoka kwenye mashine ya kukoboa. Baba alitandika mkeka akazipanga. Alichukua moja moja, akanyoosha mkono, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. Nilishaona namna mama anavyokagua kitenge asije akauziwa kilichopauka, nikadhani na baba anatafuta kasoro. Jambo lililonishangaza ni kwamba aliacha saa ya mwendo nzuri, mpya, isiyo na mkwaruzo, eti kwa sababu ni ndogo, akachukua kubwa yenye ufa. Saa ya kimo vilevile, akachagua yenye uso kama sahani ya chai. Nikafikiri baba anapenda makuu.

"Hii inapima urefu kutoka baharini," alimwambia bibi, aliyekuja kutazama. "Hapa tulipokaa, mama, tayari tuko zaidi ya futi elfu mbili juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya bahari."

Bibi akashika ukingo wa kiti. "Ndiyo maana kifua kinanibana," akasema, na wiki nzima akawa anatembea taratibu.

Saa ya joto haikuwa na chaguo. Ilikuwa moja tu, ndogo, haikuzidi kiganja changu cha wakati ule. Uso mweusi, namba nyeupe kutoka sifuri hadi tisa, sifuri juu, tano chini. Mshale mwembamba mweupe, na nyuma yake, nilipousogelea, kimkia. Nilitabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Kabureta zilikuwa mbili. Kabureta, kwa asiyejua, ni kikombe cha chuma kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijanywa. Ya kwanza ilikuwa ileile ya gari la misheni, nzito, nyeusi, yenye sura mbaya. Ya pili ilitoka kwenye pikipiki kubwa, nyepesi, inang'aa, na baba alikuwa akiipima kiganjani na kuipangusa kwa shati kana kwamba ni ya dhahabu. Alinieleza shida yenyewe akiwa anakula, maana mama alikataa kusikia. Ndege inataka uzito mdogo, kwa hiyo ile nyepesi inafaa. Lakini kama tundu lake ni dogo kwa injini ile, injini itanyimwa petroli, na injini inayonyimwa petroli inachemka, sawasawa na sufuria lenye maji kidogo. Ikichemka inakwama. Ikikwama juu hakuna pa kuegesha.

"Utajuaje, baba?"

"Saa ya joto itasema. Ikikaa kwenye nne, injini ina raha. Ikifika tano, ina homa. Ikifika sita," akakata hewa kwa mkono, "ni kuzima haraka."

Moyo wake ulikuwa umeshakwenda kwenye ile inayong'aa. Hata mimi niliona.

Tukafanya jaribio siku mama alipokwenda Gungu kwenye msiba. Baba alifunga ndege kwa kamba kwenye mchikichi, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akanikalisha kitini mwa rubani. Alisema yeye atasimama kando ya injini arekebishe petroli, na kelele zitakuwa nyingi, hatutasikizana. "Wewe ndiye macho yangu. Nikikunyooshea kidole, nionyeshe namba kwa vidole. Namba ya saa ya joto tu, nyingine achana nazo." Nilikuwa na miaka kumi. Sijawahi kupewa kazi kubwa kuliko ile, na nimefanya kazi nyingi.

Tulianza na kabureta nzito. Pangaboi likazunguka, vumbi likapanda, kuku wakapotea. Kiti kilitetemeka hadi meno yakagongana. Injini ilipopata moto baba akaninyooshea kidole. Nikatazama kimkia: tisa. Nikainua vidole tisa.

Baba alitoa macho. Akaninyooshea tena. Tisa, nikaonyesha, nikiwa na uhakika wote wa duniani. Alirukia swichi akazima, akasimama pale akihema. "Tisa," akasema. "Hii ingeyeyuka. Na mbona haikunuka?" Akaigusa injini kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Hakuja kutazama saa. Nilidhani ananiamini sana.

Tukasubiri ipoe, akafunga ile ya pikipiki. Safari hii injini ililia kwa sauti ya juu zaidi, nyembamba, na baada ya dakika chache nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Kidole cha baba. Nikatazama kimkia: moja. Nikainua kidole kimoja. Akasubiri, akanusa hewa, akaninyooshea tena. Moja na kidogo. Nikainua kidole kimoja. Baba akacheka mdomo wazi, akazima injini, akaja kuninyanyua kutoka kitini akanizungusha. "Rangi ya bomba la moshi ndiyo inanuka," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Ni mpya. Injini yenyewe iko baridi kama mtungi!"

Alitaka kuamini, na mimi nilimpa cha kuamini.

Ikapangwa Jumamosi. Hakukuwa na ruhusa ya uwanja wa ndege; walimwambia bila karatasi asikanyage huko, naye akasema hana haja, ataruka kidogo tu juu ya tambarare ya Luiche, kule mashamba ya mpunga yanakokauka kiangazi. Alfajiri ya siku hiyo yeye na vijana wanne walisukuma ndege kwa mkokoteni, mabawa yamefungwa kando. Aliwaambia watu ataruka jua likishakausha umande, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mama alikataa kwenda. Alinipa kikapu akanituma mwaloni, pale maboti yanaposhushia samaki, nikanunue dagaa kilo mbili, kana kwamba ni siku kama siku nyingine. Macho yake yalikuwa mekundu.

Dagaa tulinunua kwa Mama Kashindi, mama mmoja mnene, mtu wa asili ya Kongo, mwenye sauti inayofika katikati ya ziwa. Alikuwa na mizani ya kuning'inia, ile ya uso wa mviringo.

"Shikamoo, Mama Kashindi."

"Marahaba, mwakeye, umeamkaje, binti wa rubani!" Akapakia dagaa kwenye beseni. "Leo baba anakwenda kumsalimia Mungu? Haya, nisomee hapo, mikono yangu ina magamba."

Nikatazama mizani. Sifuri juu, tano chini. Mshale mwembamba, na nyuma yake kimkia.

"Saba," nikasema.

"Saba nini?"

"Kilo saba."

Mama Kashindi aligeuka, akatazama mizani, akanitazama mimi. "Kilo saba! Mama yako ana harusi? Hizo mbili, mwanangu. Wewe unasoma wapi?"

"Mkiani."

Aliangua kicheko, akaita wenzake waje waone mtoto anayesoma mizani mkiani, wakaja, wakacheka wakishikana mabega. Mmoja akasema natakiwa nipewe meza niuze, wateja watajaa. Mama Kashindi alipomaliza kufuta machozi aliniinamia, akasema kwa upole, "Sikiliza, Zena. Saa ndiyo ina mkia, kwa sababu ilitengenezwa na wengine na sisi tumeigeuza. Mizani haijageuzwa na mtu. Kitu kisichosema wakati, unasoma kichwa."

Kitu kisichosema wakati. Nilisimama pale na kikapu. Niliona vidole vyangu tisa, nikaona kidole changu kimoja, nikaviona vikigeuka. Tisa ilikuwa nne. Moja ilikuwa sita.

Niliacha dagaa mchangani. Nyuma Mama Kashindi aliita, "We! We mtoto! Mzigo wako!" Nilikimbia hadi ubavu ukachoma, nikapita nyumba za mwisho za Ujiji, nikashika njia ya mashambani. Na hapa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipouona umati, watu labda mia pale tambarare, na wale wavulana wa Buzebazeba wamekaa mstari wa mbele, nilipunguza mwendo. Nikatembea. Nilikuwa nimetoka kuchekwa mwaloni, na sasa nitachekwa na mji mzima, na ule ufalme wangu wa vidole utakwisha. Kwa hatua ishirini au thelathini niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kifo cha baba. Bado naona aibu ya hatua zile. Kisha nikaona kijana mmoja anashika pangaboi ili alizungushe, miguu ikakimbia yenyewe.

Baba alikuwa kitini, amejifunga mkanda, amevaa sweta la mama na kofia ya sufu.

"Baba, usiruke."

"Nani kakutuma? Mama yako?"

"Hapana. Nilisoma mkia."

"Mkia wa nini?"

"Wa mshale. Kwenye saa ya joto. Bibi alinifundisha kusoma mkia. Ile moja haikuwa moja, baba. Ilikuwa sita."

Alimwonyesha yule kijana kwa mkono aachie pangaboi. Akainama mbele, uso karibu na saa, akarudi nyuma, akabana macho, akainama tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na ile tisa?"

"Nne."

Akafumba macho. Midomo yake ilitikisika, nadhani alikuwa anasoma dua. Nilisubiri kofi, na Wallahi ningelipokea kwa mikono miwili. Badala yake alifungua mkanda, akasimama juu ya kiti, akawaambia watu, "Ndugu zangu, leo upepo si mzuri."

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Watu waliguna. "Fundi, ndege inaogopa upepo?" akauliza mmoja. "Hata kuku anaruka!" akasema mwingine, na wavulana wakaanza wimbo wao wa manyoya. Baba akashuka, akaanza kufungua mabawa kana kwamba hawaongelei yeye. Aliibeba aibu ile peke yake, na hakuna mtu aliyejua kwamba ilikuwa yangu.

Tukiwa njiani tunasukuma mkokoteni, vijana wakiwa mbele, aliuliza, "Bibi yako alikufundisha hilo lini?" Nikamweleza: kichwa cha wenyewe, mkia wetu. Alisimama akacheka, kicheko cha ajabu, kinaanza na kukatika. Kisha akafuta uso kwa ile kofia.

"Zena, na mimi nina langu. Zile namba sizioni. Mwaka wa pili huu. Boti ikiwa kule mbali nitakuambia ni ya nani na nani kakaa mbele. Lakini kitu kilicho karibu, ukungu mtupu. Uliposoma vibaya, nilipaswa kuona mwenyewe. Sikuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Watasema kipofu anataka kuruka." Akasukuma kidogo. "Na hawatakuwa wamekosea sana."

Wiki ile alinunua miwani, kubwa, ya fremu nyeusi. Mama alimtazama akasema sasa amekuwa hakimu. Tulirudia jaribio, safari hii mama akiwepo, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Kabureta nzito, yenye sura mbaya, ilifika nne ikatulia hapo. Ya pikipiki ilipita tano, ikaelekea sita, na baba, miwani puani, akazima kabla sijamaliza kuinua vidole. Ile inayong'aa aliitia mfukoni, na baadaye nilimwona bibi akiitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Halafu alifungua kioo cha saa ya joto, akachovya unyoya wa kuku kwenye rangi nyeusi, akapaka kimkia cha mshale. Uso wenyewe ulikuwa mweusi, kwa hiyo kimkia kikatoweka. "Huyu hatasema tena," akasema. Bibi alikasirika. Alisema tumeua upande wetu wa saa.

Akaruka Jumapili iliyofuata. Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, maana wengi walishachoka na maneno yake. Mama alikuja safari hii, akasimama mbali na kila mtu, upindo wa kanga mdomoni. Injini ikashika, vijana wakaachia mabawa, ndege ikakimbia ikirukaruka kwenye visiki vya mpunga, na halafu haikurukaruka tena. Ilikuwa juu. Hakuna aliyeshangilia. Nadhani hatukuwa tumejiandaa kwa hilo.

Ilipanda hadi kimo cha michikichi mitatu iliyopandana, ikaelekea ziwani, ikawa ndogo, na sauti ya injini ikapotea. Hapo ndipo nilipovunjika. Niliona kichwani mwangu mshale unasogea, tano, sita, na hakuna mtu wa kumwonyesha kidole. Nilianza kulia kwa sauti, kulia kubaya, kamasi na kila kitu, nikisema mimi ndiye, mimi ndiye. Mama alinivuta, sikuvutika.

Kisha mlio ukarudi. Ndege ilikata kona juu ya maji, ikaja moja kwa moja, chini sana, hadi niliona rangi ya sweta. Alipopita juu yangu alitoa mkono wa kulia nje, mkono wote, na kuinua vidole vinne.

"Nne!" nikapiga kelele. "Nne! Nne!" Nikaruka, nikainua vidole vyangu vinne. Mzee mmoja kando yangu alitazama saa yake ya mkononi akasema, "Bado, binti, ndiyo kwanza tatu na nusu."

Alitua kwa kishindo, gurudumu moja likakatika, ndege ikajizungusha ikasimama. Nilifika wa kwanza. Nilimkumbatia akiwa hajashuka vizuri, na kitu kigumu kikanichoma shavuni kutoka mfuko wa shati, chini ya sweta. Ilikuwa miwani, imekunjwa, imeviringishwa kwenye leso.

"Baba, ungeivunja!"

"Upepo ungeichukua," akasema, "nimeivua kabla ya kuondoka." Na hapohapo mama akafika, akampiga ngumi begani, kisha akashika lile bega akakataa kuliachia.

Hakuruka tena. Wenye mamlaka walikuja na maneno ya karatasi, na mama naye alikuwa na mamlaka yake. Injini ikaishia kusaga mahindi Gungu, na kitambaa cha mabawa kikawa turubai la kuanikia dagaa. Baba aliishi akazeeka, akanioza, akamzika bibi. Tulipokuwa na jambo zito nyumbani, mtihani, uzazi, ugonjwa, alikuwa akiniinulia vidole vinne kutoka upande wa pili wa chumba, nami natulia. Miaka yote niliamini kwamba siku ile angani alisoma saa ile na kunipa taarifa.

Basi mwezi uliopita nilikaa sakafuni na saa ya joto. Kwa miwani niliona kila kitu: namba, mshale, hata pale rangi nyeusi ilipobanduka na kimkia kimeanza kuchungulia. Nikaiegesha kwenye kasha, nikarudi nyuma kiasi cha umbali kati ya kiti cha rubani na ubao wa saa. Nikavua miwani.

Niliona duara jeusi. Hapakuwa na nne. Hapakuwa na mshale. Nilibana macho, nikainama, nikarudi nyuma kama alivyofanya yeye siku ile ya umati, na hapakuwa na kitu.

Hakuwa ameisoma. Miwani ilikuwa mfukoni. Lakini mbali alikuwa anaona vizuri, boti akiitambua na aliyekaa mbele akimjua, na siku ile mbali, chini yake, nilikuwepo mimi nalia.